Naomba ushauri: wageni wasiokunywa chai, Tukuyu

Habari zenu wapendwa. Nina wapangaji wawili, vijana wamisionari kutoka Marekani. Jumatatu wanafua na kupiga simu kwao; siku nyingine wanatembea kutwa, wanarudi jioni wamejikunyata kwa baridi. Kanisa lao linakataza chai ya majani na kahawa, na huku Rungwe tumezungukwa na mashamba ya chai! Mama yangu ameshanuna: "Mgeni gani anakataa chai?" Nimejaribu uji wa ulezi, mmoja anamaliza, mwenzake anauzungusha tu kikombeni. Maziwa yanamsumbua tumbo.

Niwape kinywaji gani cha moto? Na mashati yao meupe, kwa ukungu huu hayakauki mpaka Jumatano. Nikianika jikoni yananuka moshi. Wenzangu mnafanyaje?