Naomba ushauri: siku 4 Gozo na mama anayeumwa magoti

Habari zenu wapendwa. Mwezi wa tisa nampeleka mama yangu kisiwa cha Gozo, kule Malta. Feri ya kutoka Ċirkewwa, kisiwa kikuu cha Malta, hadi bandari ya Mġarr huko Gozo najua ni kama dakika 25, nauli unalipa wakati wa kurudi. Kinachonisumbua ni magoti yake. Mliowahi kufika, tutegemee basi au tukodi gari? Wanaendesha kushoto kama kwetu Tanzania. Ana hamu kubwa ya kuona mahekalu ya Ġgantija, yaliyojengwa kabla ya piramidi za Misri.

Kwenda kisiwa jirani cha Comino nasita: ghuba yake ya Blue Lagoon hufurika watu, na sitaki tukizidishie mzigo kisiwa kidogo namna ile. Kuna ufuo tulivu usio na ngazi nyingi? Na makanisani, mama akijifunga kanga mabegani inatosha?