Naomba ushauri: injini ya Hilux, kadi inasema 2L ila naona ni 3L

Habari zenu wakuu. Nipo Moshi, nina Hilux ya zamani ya dizeli ya mzee wangu, inashusha ndizi kutoka Machame. Imeanza kutoa moshi mweupe asubuhi na kula oili, tukashusha injini.

Kadi ya gari inasema injini ni 2L (jina la aina ya injini ya Toyota, si lita), cc 2446. Namba kwenye bloku imeliwa na kutu, haisomeki. Fundi alipopima kipenyo cha silinda akapata milimita 96 na ushee. 2L ni 92, kwa hiyo naamini hii ni 3L, cc 2779. Kabla sijanunua pistoni naomba mnithibitishie.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni pampu ya dizeli, ile ya mzunguko aina ya VE. Injini ikiwa ya baridi inawaka. Ikishapata moto, ukizima haiwaki tena mpaka umwagie pampu maji ya baridi, na dizeli inavuja kwenye shafti ya mkono wa mafuta. Fundi anasema abadilishe sili tu. Mimi nahofia kichwa cha pampu kimelika ndani, maana dizeli ya moto inakuwa nyepesi na kupenya.

Je, nani Moshi au Arusha ana mashine ya kupimia pampu na nozo, na anaaminika? Na silinda zikiwa zimelika juu, ringi mpya peke yake zitafaa, au nichonge kabisa niweke pistoni za ovasaizi (kubwa kidogo kuliko za mwanzo)?