Ulinganisho: WordPress yenye kashe, kurasa tuli za Hugo, au Cloudflare mbele ya seva?

Mfugaji wa Moro (mtoa mada):
Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninaendesha tovuti ya makala za ufugaji wa kuku wa kienyeji kwa WordPress, kwenye seva ndogo ya kukodi iliyoko Frankfurt, na wasomaji wangu wengi wako Tanzania wakitumia simu. Kurasa zinachelewa kufunguka, kumbukumbu za seva zimejaa majaribio ya kuingia kupitia mafaili ya WordPress, wp-login.php (ukurasa wa kuingilia) na xmlrpc.php (mlango wa programu za nje), na makala mpya hukaa muda mrefu bila kuonekana Google. Naomba ushauri kati ya njia tatu: kuongeza kashe (nakala za kurasa zilizo tayari) kwenye WordPress, kuhamia Hugo (programu ya kutengeneza kurasa tuli), au kuweka mbele Cloudflare (mtandao wa seva unaosimama kati ya msomaji na seva yangu). Seva naisimamia peke yangu.

Fundi Seva:
Ndugu mtoa mada, kuchelewa na kushambuliwa kwako vina mzizi mmoja. Kila ukurasa unapofunguliwa, WordPress huamsha PHP (lugha ya programu inayoiendesha), nayo PHP huiuliza hifadhidata, kisha ukurasa hujengwa upya ingawa makala yenyewe haijaguswa tangu mwaka jana. Na anayebahatisha nywila usiku kucha anaitumia PHP hiyohiyo, hivyo anamnyima msomaji nafasi hata kama hafanikiwi kuingia. Kashe ya kurasa ndani ya Nginx (programu ya seva inayowapelekea wasomaji kurasa) huondoa sehemu kubwa ya mzigo huo bila kukulazimisha kuhama. Faili la xmlrpc.php lizuie kabisa, isipokuwa kama unatumia programu-jalizi ya Jetpack, na wp-login.php uiwekee ukomo wa maombi kwa kila anwani ya IP pamoja na uthibitishaji wa hatua mbili. SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, iwe ya funguo tu, nywila izimwe.

Binti Tanga:
Kwa upande wa usalama, mimi naona Hugo haina mpinzani, kwa kuwa kurasa zake ni mafaili yaliyokwisha kutengenezwa: hakuna PHP, hakuna hifadhidata, wala hakuna ukurasa wa kuingilia wa kushambuliwa. Gharama yake iko kwingine. Maoni ya wasomaji yatahitaji huduma ya pembeni, na mwandishi mwenzako asiyejua Git (zana ya kutunza na kupandisha mafaili) atakuwa anakutumia makala kwa WhatsApp ili umpandishie. Zaidi ya hayo, anwani za makala zikibadilika wakati wa kuhama, kila ya zamani lazima ielekezwe kwenye mpya yake kwa 301 (uelekezaji wa kudumu), la sivyo nafasi uliyokwisha kuipata Google itapotea.

Mkongwe wa Mtandao:
Wote wawili mmeuruka umbali. Kabla herufi ya kwanza haijaonekana, simu ya msomaji wa Kilosa hutafuta anwani ya tovuti, hufungua muunganisho, kisha hukubaliana na seva juu ya usimbaji, na karibu kila hatua ni safari ya kwenda Ujerumani na kurudi. Cloudflare ina vituo ukanda wetu, kikiwemo cha Mombasa, ingawa kituo atakachofikia msomaji kinategemea njia za kampuni yake ya intaneti.

Hata hivyo, wengi huiwasha wakadhani kazi imekwisha. Kwa mipangilio ya kawaida, Cloudflare huhifadhi picha, CSS na JavaScript (mafaili ya mwonekano na utendaji), lakini haihifadhi HTML, yaani maandishi yenyewe ya ukurasa. Ukurasa wenyewe bado utatoka Frankfurt mpaka uandike kanuni ya kuuhifadhi, ukiwaacha nje walioingia kwenye akaunti. Pia, kumbukumbu zako zitaanza kuonyesha anwani za Cloudflare badala ya za wageni, na Fail2ban (programu inayofungia anwani zinazoshambulia) ikizisoma hivyo itaifungia Cloudflare yenyewe, yaani wasomaji wako. Iambie Nginx ichukue anwani halisi kutoka CF-Connecting-IP, taarifa ambayo Cloudflare huambatanisha na kila ombi, kisha ukuta wa ulinzi wa seva upokee wavuti kutoka anwani za Cloudflare pekee, maana anayeijua IP yako ya asili ataizunguka Cloudflare asubuhi na mapema.

Mfugaji wa Moro:
Nashukuru sana, wakuu. Je, kasi hiyo ndiyo itakayoziingiza makala zangu Google?

Binti Tanga:
Hapana, hayo ni mambo mawili tofauti. Google hupima uzoefu wa watumiaji halisi wa Chrome, na inataka katika angalau asilimia 75 ya matembezi kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200. Lakini hivyo ni vigezo vya kupanga kurasa ambazo tayari imeziorodhesha. HTTPS nayo ni kigezo tangu 2014, chenye uzito mdogo. Makala isiyoorodheshwa kabisa ichunguze kwenye Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti. Anza na kile kisanduku cha WordPress kinachozikataza injini za utafutaji, ambacho mafundi hukiwasha wakati wa kujenga tovuti wakakisahau, kisha wasilisha wp-sitemap.xml (orodha ya kurasa zako), na makala mpya ipewe viungo kutoka makala za zamani zenye wasomaji. Na kwa ajili ya kasi, picha ya kwanza ya ukurasa usiiwekee upakiaji wa kuchelewa.

Fundi Seva:
Kwa mtu mmoja mwenye waandishi wasio mafundi, basi, ningebaki na WordPress: nakala rudufu nje ya seva kwanza, kisha kashe ya Nginx na vizuizi vya kuingia, halafu Cloudflare pamoja na kanuni ya HTML. Hugo ningeifikiria siku utakapobaki kuandika peke yako.