Kombe wetu wanakufa kila masika, tufanyeje?

Asalam aleikum ndugu zangu, naombeni ushauri. Sisi kina mama huku Fumba, Zanzibar tunafuga kombe (wale wa baharini wenye magamba mawili) kwenye uzio wa mawe pwani, sasa kila masika yakianza na upepo ukigeuka kusi mvua inaleta tope na maji yanapungua chumvi, bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu) yakikupwa tunakuta wengine wameachama, ukiwagusa hawafungi na wananuka. Kipindi cha kaskazi wako vizuri tu. Je tuwahamishie maji ya kina kabla ya mwezi wa tatu au tuwavune mapema? Kuvuna wadogo inaniuma jamani, ndo mbegu yetu hao. Aliyefuga kombe au chaza Tanga, Mafia, hata Lamu anisaidie tafadhali.