Waliowahi kumwona Tim wa Amboseli, tupeane uzoefu

Ndugu wanachama, salamu kutoka Moshi. Kwa kuwa wengi wetu tunakula kwa kazi ya kupeleka wageni mbugani, naomba tukusanye kumbukumbu za tembo mmoja tu, yule dume mwenye pembe ndefu aliyeitwa Tim, ambaye alikufa kifo cha kawaida huko Amboseli, Kenya, mwezi Februari 2020 akiwa na miaka 50 hivi. Nianze na yangu.

Mwaka 2017 mimi na mke wangu tulivuka mpaka wa Tarakea, safari hii si kikazi, tukapanda gari la Loitokitok hadi Kimana, na kesho yake mwenyeji wetu akatupeleka hifadhini. Sisi wa Moshi tumezoea kuiona Mawenzi, kilele kidogo cha Kilimanjaro, ikiwa upande wa kulia wa Kibo, kile kirefu. Kule ilikuwa kushoto, nikahisi kama ninayeingia nyumbani kwangu kwa mlango wa uani. Tim alikuwa ukingoni mwa kinamasi ambacho maji yake hupita chini kwa chini kutoka mlima huohuo. Dereva alizima injini. Tembo yule aling'oa fungu la nyasi, akalipigapiga kwenye mguu wa mbele mpaka udongo wote ukadondoka, ndipo akalitia kinywani, na kila alipoinama ncha za pembe zilizama majanini. Madume wawili vijana walisimama nyuma yake. Alipohama nao walihama, na hakuna aliyemtangulia. Nimeendesha watalii miaka mingi Tarangire na Ngorongoro, ambako tembo wakubwa si haba, lakini siku ile sikukumbuka hata kutoa simu mfukoni.

Mwanachama, Njiro, Arusha:
Asante sana kaka kwa kuanzisha mada hii. Mimi nilimwona mwishoni mwa 2018, miezi michache baada ya kukwama kwenye tope zito na kunasuliwa na askari wa wanyamapori wa Kenya wakisaidiana na watu wa mashirika ya uhifadhi. Shingoni alikuwa na kola ya setilaiti, aliyovishwa mwaka 2016 kwa sababu alizoea kuingia mashambani usiku, ili askari wajue anakoelekea na wawahi kumrudisha kabla wakulima hawajatoka na mikuki. Wageni wangu walilalamika kwamba kola ile inaharibu picha. Niliwaeleza, na bado nasema, kwamba ile kola ndiyo picha yenyewe, kwa maana dume mwenye pembe kama zile hafiki miaka 50 bila watu kukesha kwa ajili yake. Satao, dume mwingine wa pembe ndefu wa Tsavo, Kenya, hakufika. Majangili walimuua mwaka 2014.

Mwanachama, Siha:
Shikamooni wakubwa. Naomba mnipokee ingawa Tim sikumkuta. Huku kwetu Kilimanjaro Magharibi tembo wa Amboseli huvuka kuja upande wetu bila kujali mpaka, na sisi wakulima tunawajua kwa mahindi. Msimu mmoja nilipoteza nusu eka kwa usiku mmoja, nikiwa nimesimama hapohapo napiga debe na kumulika tochi hadi mikono ikafa ganzi, kwa hiyo sikwenda Amboseli nikiwa na mapenzi na mnyama huyu. Nilikwenda Kimana kwenye harusi ya ndugu, nikashawishiwa kuingia hifadhini na kijana wangu wa miaka tisa, tukamkuta Craig, dume mwingine wa pembe zinazozidi kilo 45 kila moja, aliyezaliwa mwaka 1972. Alipita mbele ya gari kwa hatua za taratibu, karibu kiasi cha kuona matope yaliyokauka kwenye mikunjo ya magoti yake. Kijana alininong'oneza, "Baba, huyu ndiye anayekula mahindi yetu?" Sikumjibu mpaka tulipofika nyumbani.