Malalamiko: Madereva wa Mwanza, nembo ya gari si leseni ya kupita kabla ya wenzako

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu.

Nimevumilia kwa muda mrefu, na leo nimeamua kufungua uzi huu kwa sababu jambo hili limeanza kunipandisha presha. Hapa Mwanza imejengeka imani kwamba haki ya kupita kwanza barabarani haitoki kwenye sheria wala kwenye alama zilizochorwa juu ya lami, inatoka kwenye nembo iliyobandikwa mbele ya gari. Mwenye Prado anapita kabla ya mwenye Harrier, mwenye Harrier anapita kabla ya mwenye IST, mwenye IST anapita kabla ya mwenye Passo, na ikiwa gari lina namba E, yaani la usajili wa karibuni, mwenyewe huona hata kuwasha indiketa ni kujishushia hadhi. Bodaboda siwaweki katika orodha hii, kwa kuwa wao wanapita popote na wakati wowote, na wanastahili uzi wao peke yao. Gari langu nitalitaja huko chini, maana nikilitaja sasa baadhi yenu mtaacha kusoma.

Naomba nianze na waheshimiwa wa Harrier, kwa sababu ndio wanaoniudhi kuliko wote pale kwenye kipilefti cha samaki. Sheria inamtaka dereva anayeingia kwenye mzunguko ampishe aliye upande wake wa kulia, lakini mwenye Harrier wa Mwanza hufika pale, akawasha taa za hazadi zote nne kumaanisha kwamba ananyoosha moja kwa moja, kisha akaingia bila kumtazama mtu. Nani aliwafundisha kwamba hazadi ni taa za kunyoosha? Taa zile zimewekwa kwa ajili ya gari lililoharibika au lililo hatarini, na dereva aliye upande wako anayeona moja tu kati ya hizo nne ataamini kwamba unakata kona. Baadaye mtu huyo huyo anaegesha katikati ya Barabara ya Kenyatta ili anunue vocha, ameziwasha tena, akiamini kwamba zimempa kibali cha kufunga njia.

Sasa tuulizane hiyo Harrier ni kitu gani. Toyota iliitoa mwaka 1997 kwa soko la Japani, ikiwa na nembo ya ndege kwenye grili, na gari hilo hilo likauzwa Marekani na kwingineko kwa jina la Lexus RX. Ndiyo maana hapa mjini wapo watu wanaomng'oa yule ndege, wakabandika herufi L ya kununua dukani, na tangu siku hiyo hawasalimii watu. Gari halijabadilika hata bolti moja, lakini dereva ameshapanda cheo.

Hali ni hiyo hiyo kwa magari mengi tunayoyagombania. Mwenye Voxy anamdharau mwenye Noah, wakati magari yote mawili yalitoka pamoja mwaka 2001 yakiwa na injini moja na milango ile ile ya kuteleza. Mwenye Allion anamwambia mwenye Premio kwamba gari lake ni la wazee. Sababu ya kuwepo kwa mapacha hao haina ufundi wowote wa ajabu: Toyota ilikuwa na mitandao kadhaa ya maduka huko Japani, na kila mtandao ulitaka gari lake la kuuza, hivyo Premio ikapelekwa Toyopet, Allion ikapelekwa kwenye maduka yaliyoitwa Toyota, Noah ikaenda Corolla na Voxy ikaenda Netz. Mwezi Mei mwaka 2020 utaratibu huo ulifutwa, na kila duka likaruhusiwa kuuza kila gari. Kwa maneno mengine, ugomvi wa wauzaji wa Japani uliokwishamalizika huko kwao ndio tunaoendelea kuupigania sisi kwenye foleni ya Mkuyuni, tena kwa matusi.

Wala msidhani kwamba ni Toyota peke yake. Mwaka 2017 Mercedes-Benz walitoa pikapu iliyoitwa X-Class, ambayo chini ya nguo zake ilikuwa Nissan Navara, wakaiuza kwa bei ya Mercedes, na mwaka 2020 wakaacha kuitengeneza. Porsche Cayenne na Volkswagen Touareg zilizaliwa mwaka 2002 zikiwa ndugu wa tumbo moja. Vijana wa Subaru nao, ambao usiku hutunyima usingizi kwa ekzosi zao, wajue kwamba Toyota ni mwanahisa mkubwa wa Subaru, na kwamba Subaru Trezia ni Toyota Ractis iliyobadilishwa nembo. Nakiri kwamba katika Toyota 86 na Subaru BRZ mambo yaligeuka, kwa kuwa zote mbili ziliundwa katika kiwanda cha Subaru huko Gunma, lakini hilo haliwapi ruhusa ya kupita Kirumba saa nane za usiku kwa mwendo wa ndege.

Nihamie kwa michomoko, yale magari madogo yanayobeba abiria kati ya mji na mji, kwa sababu hapo utani unaishia. Zamani dereva wa mchomoko aliyetoka mjini kwenda Sengerema au Geita alikimbia kama mwehu mpaka Kigongo, kisha akasimama kusubiri kivuko pamoja na sisi aliotuacha nyuma, na kwa kweli nilikuwa nafurahi sana kumkuta pale akiwa ameegemea mlango. Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takribani kilomita tatu, ziwa halimzuii tena. Anaanza kukimbia kuanzia Nyegezi, anapita Buhongwa na Usagara penye watu, shule na masoko, mahali ambapo mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na ukimpigia honi anajibu kwamba Probox ni Toyota ya kweli, haina mchezo. Amepakia abiria wanne nyuma, wawili mbele pamoja naye, na buti limejaa samaki. Breki ziliundwa kwa ajili ya mzigo uliopimwa, hazijui kusoma maandishi yaliyoko nyuma ya gari. Bwana huyo ningependa ajue pia kwamba Probox anayoapa kwayo iliundwa katika kiwanda cha Daihatsu kilichoko Kyoto, na kwamba tangu mwaka 2018 Mazda wanaiuza gari hiyo hiyo kwa jina la Familia Van.

Hapo sasa tumefika kwenye neno Daihatsu, na hapo ndipo ulipo uchungu wangu. Ninaendesha Daihatsu Terios. Siyo Terios Kid ya cc 660, ambayo nayo ina heshima zake, nazungumzia Terios yenyewe ya cc 1300.

Wiki iliyopita asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya Mabatini nikitokea Igoma, na wote mnaoifahamu Barabara ya Nyerere mnajua kwamba pale hakuna ujanja, kwa sababu mji huu umebanwa kati ya ziwa na milima ya mawe, na njia ya kuzunguka ni chache mno. Mara akatokea mtu anatanua upande wa kushoto, kwenye vumbi wanakopita waenda kwa miguu, akiwatawanya akina mama wenye ndoo za dagaa. Alipofika mbele ya nguzo ya umeme njia ikamwishia, ikabidi achomekee. Hakuomba, hakuwasha indiketa, alisukuma tu, na kioo chake cha kulia kikagongana na kioo changu cha kushoto, vyote viwili vikaanguka chini.

Akateremka. Hakuangalia vioo, aliangalia nembo yangu, akasema kwa sauti ya kusikika na watu wote: "Sasa mzee wangu, na hiki kidude chako unabishana na Toyota?"

Wakuu, gari lake lilikuwa Toyota Cami.

Kwa wasioelewa kwa nini mkono wangu ulianza kutetemeka, Toyota Cami ni Terios. Sisemi kwamba zinafanana, wala kwamba moja imeigwa kutoka kwa nyingine. Ni gari lile lile, lililobuniwa na kuundwa na Daihatsu, likatoka kwa jina la Terios mwaka 1997, na kuanzia mwaka 1999 likawekwa nembo ya Toyota, likarekebishwa uso kidogo na kuuzwa Japani kwa jina la Cami. Kampuni anayoiita kidude ilianzishwa Osaka mwaka 1907, miaka 30 kabla ya Toyota Motor kuanzishwa mwaka 1937. Zilianza kushirikiana mwaka 1967, Toyota ikashika zaidi ya nusu ya hisa mwaka 1998, na mwaka 2016 ikaichukua Daihatsu yote. Passo inayozagaa mji mzima ni Daihatsu Boon, na Rush ni Daihatsu Be-go. Kijana aliyekuwa anauza maji ya chupa aliviokota vioo vyetu, akaviweka juu ya boneti yangu, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto, vikawa jozi kamili, tofauti yake ikiwa rangi tu. Foleni nzima ilicheka, isipokuwa mwenye Cami, ambaye alichukua cha kwake, akanipa namba ya simu, akaondoka kwa kutanua tena.

Nilijaribu kumweleza haya yote pale pale, lakini nyuma yetu daladala zilikuwa zinapiga honi kwa zamu, na konda mmoja akaniambia kwamba historia nikaisomeshe nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba nembo ya Toyota inamaanisha ukaguzi mkali zaidi. Mwezi Desemba 2023 ilibainika kwamba Daihatsu walikuwa wamefanya udanganyifu katika majaribio ya usalama ya aina 64 za magari, na ndani ya orodha hiyo yalikuwemo magari yanayouzwa kwa nembo za Toyota, Mazda na Subaru. Hivyo kama kuna doa, tuligawane sawa kwa sawa, kwa maana limetoka kiwanda kimoja na kusafirishwa na meli moja mpaka Dar es Salaam.

Trafiki nao nina neno nao. Pale Mabatini mara nyingi wapo, wanaona watu wanatanua, na wanaosimamishwa ni sisi wenye magari ya sura ya unyonge, tukaulizwa kizima moto na pembetatu za tahadhari. Prado yenye vioo vyeusi inapigiwa saluti kabla haijajulikana nani yumo ndani. Faini ya makosa haya ni ile ile kwa wenye magari wote, na sijaona mahali palipoandikwa punguzo kwa ajili ya ukubwa wa tairi.

Nyongeza: nimesoma majibu yenu, na nitajibu machache. Mchangiaji anayedai kwamba bati la Cami ni gumu zaidi kwa sababu ni la Toyota, naomba arudie kusoma aya iliyo juu, polepole, na kama bado hajaelewa aiegeshe Cami yake kando ya Terios, atoboe zote mbili msumari, atuletee matokeo. Yule anayesema kwamba nina wivu na wenye Harrier, bei zake nazifahamu na mafuta yake nayafahamu, asante. Bwana wa mchomoko aliyeandika kwamba abiria ndio wanaomlazimisha akimbie, tafadhali, usukani uko mikononi mwa nani? Dada aliyeuliza kama pundamilia ya mbele ya soko bado ipo, ndiyo, ipo, ila imefutika, na juzi nilisimama pale kumpisha bibi mmoja, magari matatu yakanipita kwa kulia huku bibi akiwa katikati ya barabara. Lile la nyuma kabisa lilikuwa Terios, na sina la kumtetea.

Kuhusu kioo changu, mliouliza, nilikwenda kwenye duka moja la spea hapa mjini, ambalo sitalitaja, nikaomba kioo cha kushoto cha Terios. Muuzaji akaniambia kwamba spea za Daihatsu hazipatikani kirahisi, mpaka aagize Dar es Salaam, na malipo ni nusu kwanza. Nikatoka nje, nikavuta pumzi, nikarudi, nikamwuliza kama anacho cha Cami. Akapanda ngazi, akakishusha rafuni pale pale, akakifuta vumbi, akanitajia bei ambayo alisema ni ya juu kidogo "kwa sababu hii ni Toyota, mzee, si mchezo". Nimekifunga na kimekaa bila fundi kuongeza hata washa moja.

Mwenye Cami hapokei simu. Ikiwa yumo humu, au kama kuna anayemfahamu mtu mwenye Cami nyeupe isiyokuwa na kioo cha kulia, maeneo ya Mabatini, Nyakato au Igoma, amwambie kwamba risiti ninayo, imeandikwa jina la gari lake, na nataka fedha yote.