Mteja anataka kila kitu kwenye kibao kimoja, nifanyeje?

Habari za leo wakuu. Mimi ni fundi wa nakshi hapa Unguja, nachonga milango na vibao kwa mkono. Nimepata oda ya kibao cha nyumba ya wageni, mbao ya mninga, futi 4 kwa futi 1 na nusu. Mteja anataka jina, namba mbili za simu, barua pepe, jahazi, mnazi, pomboo, na nakshi ya mnyororo pembeni pote kama milango ya Mji Mkongwe.

Shida ni nafasi. Herufi ya inchi 1 husomeka vizuri kwa kama futi 10 tu, na kibao kitatazamwa kutoka barabarani. Nikiweka vyote, namba za simu zitakuwa chini ya nusu inchi, na herufi nyembamba hivyo kingo zake hubanduka haraka. Halafu namba ikibadilika?

Nilimchorea jina na jahazi tu. Akasema, "Fundi, mbona mbao imebaki tupu, nami nalipia nzima?" Kumbe utupu huo ndio unaolibeba jina.

Nafikiria kumchorea karatasi ya ukubwa kamili, tuitundike, aitazame akiwa barabarani. Au simu ziende kwenye kibao kidogo cha kuning'iniza chini? Wenzangu mnamwelezaje mteja bila kumvunjia heshima? Na akikataa kabisa, mnachonga tu? Kashalipa nusu, na kibao kitakaa miaka watu wakiuliza nani kakichonga.